Gari la Watu Wanane

Kambi ya Mkonge, Kilosa
6 Machi 1966

Mpwa wangu Efrazia,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa pembeni, lakini maneno yote yanasomeka. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mkata mkonge wa umri wangu: asubuhi naamka mimi kwanza, mgongo unaamka baadaye. Nimefurahi kusikia mama yako amepona kifua. Mwambie dada Marta kahawa yake ilifika nusu, nusu nyingine ameinywa yule mtu wa Bumbuli aliyeibeba. Wasalimie watoto, msalimie Timotheo mumeo, na majirani wa Soni waambie onga mshi.

Sasa neno lako. Unasema wewe na wanawake wenzako saba mnataka kununua gari la kubebea kabichi, mlilipe kwa mafungu kila mwezi, na muuza magari wa Tanga anataka mdhamini mwenye mshahara. Unasema katika ukoo wetu mwenye mshahara ni mimi. Ni kweli. Jibu langu ni hapana.

Usiikunje barua, soma mpaka mwisho. Mwaka 1957 nilichukua baiskeli kwa mafungu katika duka la hapa karibu. Taslimu ilikuwa shilingi mia mbili themanini. Nikatoa arobaini, halafu ishirini kila mwezi kwa miezi kumi na minane. Niliona ishirini ni kidogo, sikuuliza zote pamoja ni ngapi. Mwezi wa kumi na sita nikashikwa na homa, sikukata mkonge, sikupata kitu. Wakaja wakaichukua. Nilikuwa nimeshalipa mia tatu arobaini, nikarudi kambini kwa miguu, na watu wakanipigia kengele kwa midomo.

Tena mkataba wangu hapa unakwisha Desemba, na nimeapa kula Krismasi kwenu. Nikikudhamini, mshahara wangu umefungwa mpaka mmalize, na mtu wa namna hiyo haondoki. Nimekata mkonge miaka kumi na minne. Sitakata mwingine kwa ajili ya mtu, hata wewe.

Kama hamsikii, basi nendeni mkamuulize huyo bwana bei ya kulipa mara moja ni ngapi, na mkishamaliza mafungu mtakuwa mmetoa ngapi jumla. Asikwambieni ya mwezi tu. Na mumuulize siku mkikosa fungu moja atafanya nini.

Mjomba wako,
Tobia


Soni
14 Aprili 1966

Kwa Mjomba Tobia,

Shikamoo. Mama anasema kahawa ya pili ataileta mwenyewe, na mgongo wako uupeleke kwa daktari. Watoto hawajambo, mdogo ameanza shule na anarudi na kiatu kimoja. Masika imeanza Jumatatu ya Pasaka, na kabichi zimeshiba maji.

Tulikwenda Tanga, mimi na Rahabu jirani yetu. Yule bwana alitutazama, akatazama mlangoni nyuma yetu, akauliza, "Wenyewe wako wapi?" Rahabu akamwambia, "Ukingoja wenyewe wengine utafunga duka." Basi akatoa viti.

Gari ni Landrova iliyotumika, yenye bodi ya nyuma. Taslimu ni shilingi elfu tisa mia sita. Kwa mafungu, tunatanguliza theluthi moja, elfu tatu mia mbili. Zinabaki elfu sita mia nne. Riba ni asilimia kumi kwa mwaka, miaka miwili, yaani elfu moja mia mbili themanini. Ukigawa kwa miezi ishirini na minne, kila mwezi ni mia tatu ishirini. Alitaja hiyo mia tatu ishirini mara nyingi sana, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mimi nikakumbuka baiskeli yako, nikajumlisha mbele yake: elfu kumi mia nane themanini. Nikaweka bima, mia sita kila mwaka, na mia moja ishirini ya maandishi. Gari la elfu tisa mia sita likawa elfu kumi na mbili mia mbili, bila tone la petroli. Hakupenda.

Hata hivyo tunalitaka. Mwenye lori anayenunua kabichi zetu hapa Soni anatupa bei anayoamka nayo. Februari hakuja wiki nzima, tukamwaga magunia bondeni. Alipokuja alicheka, akasema kesho tutamwuzia kwa nusu. Tukamwuzia kwa nusu. Mjomba, sitaki kuchekwa tena na mtu aliyeshiba jasho langu.

Kulipa tumeshapanga. Gulio la Soni ni mara mbili kwa wiki, mara nane kwa mwezi, nasi tuko wanane. Kila gulio lina mwenyewe, na siku ya zamu yake anatoa arobaini. Arobaini mara nane ndiyo mia tatu ishirini. Kinachokosekana ni sahihi yako.

Mpwa wako,
Efrazia


Kilosa
22 Mei 1966

Mpwa wangu Efrazia,

Marahaba. Huku sote tunapumua. Mgongo nimeupeleka kwa daktari, akaniambia niache kuinama. Nikamwuliza mkonge ataukata nani. Bei ya mkonge imeanguka. Shamba la jirani wamefukuza watu nusu ya kambi, nyumba zimebaki wazi na kuku wanalala vitandani. Huyo bwana wa Tanga anataka kuegemea mshahara wangu, na mshahara wenyewe umeegemea ukuta wenye ufa.

Nimeisoma hesabu yako. Nilitaka kuikagua usiku mmoja, nikapata gari linauzwa elfu tisini. Wenzangu wakacheka mpaka mnyapara akaja. Kwa hiyo hesabu ni yako. Lakini nina swali. Mwezi wa mwisho mtakuwa mmebakiza fungu moja tu. Mbona riba ya mwezi huo ni sawa na ya mwezi wa kwanza, mlipokuwa na deni lote?

La pili ni zamu zenu. Deni mmeligawa kama tunavyogawana siku za kulima: leo shamba la Rahabu, kesho la mwingine, na mvua ikinyesha tunasogeza. Shamba linasubiri. Wewe umesahau barabara ya Soni kwenda Mombo inavyokuwa wakati wa masika? Mlima ukishuka barabarani, yule ambaye zamu yake imeangukia wiki hiyo atatoa arobaini wapi? Mtamwona mvivu, naye atawaona wachoyo, na muuza magari hatasogeza siku. Miaka miwili ina misimu miwili ya masika.

La tatu. Nimesoma barua zako mbili nikitafuta jina la Timotheo. Mimi nilimsalimia, wewe hukujibu. Gari litaandikwa jina la nani?

Sahihi yangu bado ninayo mwenyewe.

Mjomba wako,
Tobia


Soni
3 Julai 1966

Kwa Mjomba Tobia,

Shikamoo. Tu wazima. Mama amepanda maharage mapya, mbuzi amezaa mapacha. Barua hii imechelewa kwa sababu barabara ilishuka hapa chini, ikafungwa karibu wiki tatu. Ulisema, na ikawa.

Nimefanya upya hesabu ya riba. Ingehesabiwa juu ya deni linalobaki, isingefika mia saba kwa miaka yote miwili. Yeye anachukua elfu moja mia mbili themanini. Ile asilimia kumi ni kumi ya kutamka tu, ukiilipa inakaribia ishirini. Nilimwandikia hivyo. Akajibu kwamba ndiyo desturi ya biashara. Nikamwomba tulipe kingi msimu wa matunda na kidogo wakati wa masika. Akajibu kwamba mwezi ni mwezi.

Umeuliza la Timotheo. Muuza magari alisema hawezi kuandikiana na mwanamke aliye na mume. Gari liwe jina la mume. Timotheo alikubali haraka kuliko alivyowahi kukubali jambo langu lolote. Kabla hatujatoa hata senti, alikuwa kilabuni akisema gari lake linakuja, na kwamba ndugu yake wa Mazinde ndiye atakayeliendesha. Mtu mmoja akamwuliza sisi wanawake tutapata nini. Akasema tutapewa lifti.

Yalifika shambani kabla hajafika nyumbani. Rahabu alikaa chini akacheka mpaka akalia. Tulikubaliana sote wanane kwamba jina lake halitaandikwa hata kwenye tairi. Timotheo amekwenda Mazinde. Sikumfukuza, ila alipofunga mzigo sikumwuliza anakwenda wapi.

Sasa sikuombi udhamini. Nakuomba wewe ndiwe uwe mnunuzi. Nilipoolewa wewe ndiwe uliyekaa mahali pa mjomba ukala mbuzi wa mjomba, ndipo posa ikakubaliwa. Hapana nyama iliyotoka kwetu bila neno lako. Kaa tena mahali hapo. Gari likiwa na jina lako, Timotheo hataligusa.

Efrazia


Kilosa
28 Agosti 1966

Efrazia,

Marahaba. Mama yako na watoto nawasalimu. Wewe nitakusalimu mwisho wa barua, hasira ikipoa.

Karani wa hapa aliniita ofisini mbele ya watu. Anayo barua kutoka Tanga, inauliza kama Tobia Shekimweri ni mfanyakazi wa kudumu na kama mshahara wake unaweza kukatwa. Tarehe ya barua ni Aprili, imelala kwenye faili lake mpaka sasa. Aprili, wakati nilikuwa nimeshakuandikia hapana na wewe umeshaisoma. Karani akaniuliza, "Mzee, gari lako tulitengee banda?" Tangu siku hiyo jina langu kambini ni Bwana Landrova. Nikipita wananguruma.

Yeye akamjibu bwana wa Tanga kwamba mimi nimo katika orodha ya watakaoachishwa mwisho wa Novemba. Ndivyo nilivyopata habari hiyo. Wenzangu waliitwa mmoja mmoja wakaambiwa kwa upole. Mimi niliambiwa katika majibu ya gari.

Umelitoa jina langu kama mtu anayetoa jembe la jirani. Na mbuzi wa mjomba nilimla kwa kuwa nilikuja, nikakaa, nikaulizwa. Hapa hakuna aliyeniuliza. Hapana kwa udhamini, na hapana kwa ununuzi.

Tobia

Hasira haijapoa. Wasalimie wengine.


Soni
30 Septemba 1966

Kwa Mjomba Tobia,

Shikamoo, hata kama hutaijibu. Mama amekasirika nami. Amesema nilikuvua nguo ugenini. Watoto ni wazima.

Jina lako nililitaja. Siku ile Tanga, bila jina la mwanamume mwenye mshahara, asingetupa hata karatasi ya kuandikia hesabu. Nilitaja nikijua umekataa. Kambi ikucheke, hilo linaniuma. Kutaja hakuniumi, wangeniuliza tena leo ningetafuta jina lingine la kutaja, maana langu halisikiki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Umetuachisha kukutegemea, nasi tumekaa upya na kalamu. Tunangoja msimu wa matunda. Hatumwuzii tena mwenye lori. Tunashuka na kabichi kichwani kwa njia ya mkato mpaka Mombo, tunauza kwa abiria wa mabasi, na plamu zikiiva tutashuka nazo vilevile. Mwenye lori alitupita juzi, akapunguza mwendo akituuliza kama shingo zinauma. Mwanamisi, mmoja wa sisi wanane, akamjibu kwamba shingo ni zetu.

Tukitanguliza nusu, elfu nne mia nane, deni ni elfu nne mia nane. Kwa mwaka mmoja riba ni mia nne themanini. Kila mwezi mia nne arobaini, kila mtu hamsini na tano. Kwa mwezi ni nzito kuliko ile ya kwanza, lakini jumla inashuka mia nane, na tunapita msimu mmoja wa masika badala ya miwili. Mafungu ya masika tutayaweka akiba kabla ya mvua, kila mtu lake, tusitazamane vibaya. Bima ya mwaka wa pili tutalikatia gari ambalo ni letu.

Swali lako la barabara ndilo lililobadilisha hesabu. Nakushukuru kwa hilo. Kwa sahihi sikushukuru.

Efrazia


Kilosa
18 Desemba 1966

Mpwa wangu Efrazia,

Marahaba. Nimechelewa kuijibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na karatasi ni ghali.

Wametuachisha. Kwa miaka kumi na minne wamenipa shilingi mia nane sitini na blanketi. Karani alinipa mkono akaniambia niendeshe polepole.

Nakutumia mia nane kwa hawala ya posta. Si mkopo, wala sitaki sehemu ya gari. Nilikukatalia jina kwa sababu jina linafunga. Fedha ukishaitoa umeitoa. Ongezeni kwenye hiyo nusu yenu. Krismasi sitakuja. Nimepata kibarua cha kukata miwa Kilombero kuanzia Februari, nitakaa msimu mmoja, labda miwili. Msinisikitikie, miwa haina miiba ya mkonge.

Mwambie dada Marta kahawa aipeleke huko huko Kilombero.

Mjomba wako,
Tobia


Soni
29 Januari 1967

Kwa Mjomba Tobia,

Shikamoo sana. Nimeipeleka barua hii kwa mtu anayekuja Kilosa, nikamwagiza akupe mkononi, usije ukasema imepotea. Mama mzima, watoto wazima, mbuzi mmoja kati ya wale mapacha tumemla Krismasi. Sahani yako ilikaa mezani mpaka mama alipoiondoa.

Gari liko hapa. Plamu zilitupa zaidi ya tulivyotazamia. Tulikwenda Tanga sote wanane, fedha tumezifunga viunoni, tukazihesabu juu ya meza yake. Alipomaliza kuzihesabu akasema bado anahitaji jina la mwanamume. Mwanamisi akamwambia, "Andika la kwako basi, ulipe wewe." Tukaanza kuzikusanya fedha kurudisha kiunoni, na Rahabu akauliza wauza magari wengine wako barabara gani. Kuona fedha zinaondoka ni dawa, Mjomba. Akaandika majina manane, kila mmoja mdhamini wa wenzake saba.

Anaendesha Athumani wa Mombo, kaka yake Mwanamisi, mwenye leseni. Timotheo amerudi kutoka Mazinde, akasema na yeye anajua kuendesha. Tukamwomba leseni, hana. Sasa anapakia magunia na kulipwa kama mpakiaji. Nyumbani naye analala, ila bado tunasemeshana kama wapangaji. Fungu la Januari tumelipa, na la Aprili liko tayari kwenye mtungi.

Fedha zako huyo mtu anazo, mia nane kamili. Tulizipokea tukakaa nazo kikao, na sote wanane tumezikataa. Mafungu ni hamsini na tano kwa kila mtu, na watu wametimia. Tulikuomba jina, ukakataa, tukajifunza kwenda bila jina lako. Usitulipe sasa kwa kukata miwa. Hizi ni nauli yako, na zitakazobaki ni za kuezekea nyumba yako ya huku, maana mvua inaingia.

Kama unataka kubaki Kilombero, baki kwa ajili yako mwenyewe. Kwa ajili yangu usibaki.

Mpwa wako,
Efrazia


Kilosa
12 Februari 1967

Mpwa wangu Efrazia,

Marahaba. Huyo mtu wako amenipata kituoni nikiwa na panga na blanketi, nangoja gari la Kilombero. Nilihesabu fedha mara mbili nikitumaini mmepunguza, nipate la kugombana. Gari la Kilombero limekuja, na mimi bado nakuandikia.

Mmekuwa wakaidi kuliko mimi, na mimi ndiye niliyedhani ukaidi wa ukoo huu niliondoka nao wote. Vizuri. Nasema vizuri, lakini sijakusamehe kuninadi Tanga, na sitaki tuzungumze habari hiyo mbele ya mama yako. Tutaizungumza shambani, tukiwa wawili, na kila mtu na jembe lake.

Nitafika Mombo Jumamosi ijayo kwa basi. Mniandalie maneno ya kweli: nauli kutoka Mombo hadi Soni kwenye gari lenu ni kiasi gani? Msiniambie mjomba halipi. Nimeona hesabu yenu, haina nafasi ya mtu wa bure. Nikisikia neno hilo nitapanda mlima kwa miguu, mzigo kichwani, na mtanipita kwenye kila kona mkiona aibu.

Mwambie Athumani nitalipa kabla ya kupanda, na nitakaa mbele.

Mjomba wako,
Tobia